Hapa Hakuna Mtu Huyo

Wiki jana mliniacha nikicheka peke yangu kwenye ngazi za ofisi ya uhamiaji, nimeshika tarehe ya usaili wangu wa uraia, mlinzi ananitazama kama mtu aliyepandwa na kichaa. Najua wengi wenu mlifurahi pamoja nami. Basi hiyo furaha iwekeni pembeni kwanza, maana mimi mwenyewe sikukaa nayo hata wiki.

Kwa aliyechelewa kutufuata: mimi nilivushwa mpaka nikiwa mgongoni mwa mama yangu, sijaota hata jino. Nchi nyingine siijui. Nimesoma hapa, nimeugua hapa, nimepona hapa, nimehitimu hapa shahada ya maabara ya hospitali, na wapangaji wenzetu wakanibandika jina la Daktari ingawa kazi yangu ni kutazama damu za watu kwenye darubini, wala simtibu mtu.

Tatizo ni kwamba baraza la taaluma yetu haliandikishi asiye raia. Mkuu wa maabara, mzee mwenye moyo wa pekee, alikuwa akinishikilia nafasi kama kibarua, lakini alishaniambia kwa upole kwamba naye ana wakubwa zake. Bila uraia, shahada yangu ni pambo la ukutani. Kila kitu kikawa kinaning'inia kwenye usaili wa Alhamisi.

Niliamini nitapita. Sikuwa nimedanganya mahali popote, na wakati ule nilidhani hiyo inatosha.

Jumatatu nikapita ofisini kuthibitisha tarehe. Dirishani alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, anabonyeza kompyuta kwa ncha za vidole kama anayemtekenya paka. Akaandika jina langu, akatazama, akaandika tena. Kisha akaniita nisogee karibu na kioo, akashusha sauti.

"Dada, upekuzi wako una doa."

Upekuzi ni hivi: kabla hujaketi kwenye usaili, afisa mmoja hutumwa kimyakimya mtaani kwako na kazini kwako kuuliza watu. Huyu mnamjua? Analala hapa kweli? Tangu lini? Ana tabia gani? Havai sare, hagongi kwa kishindo. Anauliza tu, kisha anaondoka na alichoambiwa.

"Afisa alifika kwenye anwani uliyoandika," akasema. "Hakuna anayekujua."

Nikacheka. Nikamwambia atakuwa amekosea mlango, mtaa wetu nyumba zimefanana mno. Akanieleza kwamba hapana, mlango ulikuwa wenyewe, na afisa alirudi siku nyingine kuhakikisha. Safari ya kwanza aliambiwa hapa hakuna mtu huyo na hajawahi kuwepo. Safari ya pili akaambiwa kumbe alikuwepo, ila aliolewa na rubani akahamia ng'ambo.

Nikaacha kucheka.

Nikamuuliza kwani vyeti vyangu vya shule havitoshi, kuanzia chekechea hadi chuo. Akanijibu kwa huruma, kama anayemweleza mtoto: sheria inamruhusu aliyeletwa akiwa mchanga aombe uraia, mradi athibitishe amekaa hapa mfululizo. Shule zinaonyesha nilisoma. Hazionyeshi nilikuwa nalala wapi. Na aliyeandika anwani ya uongo ombi lake linatupwa, halafu naye anaanza kutafutwa.

"Rekebisha kabla ya Alhamisi," akasema. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nyumba yetu ni vyumba vinavyotazamana kwenye ua mmoja, bomba katikati, kamba za nguo zikikatiza huku na huku hivi kwamba mgeni huingia ameinama. Mlangoni pa ua anakaa Fundi Saa na kimeza chake, jicho moja kwenye lenzi, jingine kwenye mambo ya watu. Mama yangu ana chumba cha mwisho na cherehani yake. Anashona sare za wanafunzi, na tangu nipate akili ule mlio wa cherehani ndiyo saa yangu ya ukutani.

Niliingia kama upepo. Nikamuuliza Fundi Saa kama kuna mgeni amekuja kuniulizia.

Uso wake ukang'aa kwa fahari. Akaivua lenzi, akaniambia nisiwe na wasiwasi wowote, kazi imeshafanyika. Alikuja bwana mmoja shati limenyooshwa, anaongea kama anayenong'ona, akanitaja kwa majina yangu yote matatu. Matatu, Daktari! Mtu mwema gani anamtafuta mwenzake kwa majina matatu? Fundi Saa akamtazama juu mpaka chini, akamwambia hapa hakuna mtu huyo, na kama ana saa mbovu aiache, kama hana anamzibia mwanga.

Lazima niwaeleze jambo hili, la sivyo mtatuona wehu. Ua wetu una desturi moja. Anayekujua anakuita Daktari, Mama Pacha, Fundi, Shangazi. Anayekutaja kwa jina kamili ni mdai, au ni mume uliyemkimbia, au ametoka mahakamani. Kwa hiyo mgeni akilitaja jina kamili la mtu, ua mzima hausikii. Mwenyewe unaweza kuwa umesimama pale pale unasukutua mdomo, na mgeni anajibiwa kwamba hupo. Nimekua nikiona hivyo, wala sikuwahi kujiuliza desturi hiyo ilianzia wapi.

"Na aliyesema nimeolewa na rubani ni nani?" nikauliza.

Mama Pacha akatokeza kichwa nyuma ya shuka lililoanikwa. Alikuwa anatabasamu.

"Ni mimi, mwanangu. Nilimwona karudi, nikajua huyu king'ang'anizi, nikampa kitu cha kumchosha. Na rubani nimekuchagulia mwenyewe, mrefu, ana meno mazuri."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Nilipowaambia yule bwana alikuwa nani, fahari yote ikawatoka. Mama Pacha akajifunika uso kwa upande wa kanga. Fundi Saa akawa anafuta lenzi iliyokuwa safi.

Sikuwalaumu. Ningewalaumu vipi? Walinitupa shimoni kwa mapenzi yao. Nikawaambia dawa ni moja: aje tena, na safari hii kila mtu aseme ukweli. Wakaitikia kwa pamoja. Mama Pacha akaapa kwa pacha wake wote wawili.

Mama yangu alikuwa ameegemea mlango wake, sare nusu mkononi. Alirudi ndani kabla hatujamaliza. Nikadhani amechoka.

Nilimpigia simu yule mpekuzi kwa namba niliyopewa dirishani. Sauti yake ilikuwa ndogo kweli. Akasema atapita kesho yake mchana, akanishukuru kwa ushirikiano. Yeye huwa anashukuru kwa kila kitu. Nilikuja kulijua hilo baadaye, na hadi leo mtu akinishukuru sana nywele zinanisimama.

Alipoinama chini ya kamba ya kwanza ya nguo, cherehani ya Mama ilinyamaza.

Wapangaji walikuwa wamejipanga kama wanaopigwa picha. Akaanza na Fundi Saa. Fundi akakohoa, akasema: "Huyu binti tunamfahamu tangu akitambaa, amekulia mikononi mwetu, ni mtiifu, msikivu na mpenda amani." Akamwendea Mama Pacha. Mama Pacha akasema: huyu binti tunamfahamu tangu akitambaa, amekulia mikononi mwetu, ni mtiifu, msikivu na mpenda amani. Akamgeukia Msusi, binti wa chumba cha pili, aliyehamia kwetu mwaka jana tu. Naye, macho juu kama anayesoma darini, akasema ananifahamu tangu nikitambaa.

Kumbe walikaa jioni nzima wanafanya mazoezi. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, nina imani yangu.

Mpekuzi hakukasirika. Alimsikiliza kila mmoja hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akaniuliza mbele yao swali ambalo hakuna aliyelifanyia mazoezi.

"Wote wanasema umelelewa hapa. Umelelewa na nani?"

Nilifungua mdomo kujibu. Fundi Saa akanikanyaga mguu. Si kwa bahati mbaya. Alinikanyaga kisawasawa, akauacha mguu wake juu ya wangu.

"Na sisi sote, bwana," akasema. "Ua mzima."

"Ahsante. Na hiyo cherehani ninayoisikia ikikoma kila ninapoingia, ya nani?"

Mama Pacha akatazama nguo zake kama anazihesabu.

"Hiyo mbovu," Fundi Saa akasema. "Inalia yenyewe na kuzimika yenyewe. Iko mbioni kuletwa kwangu."

Mpekuzi akautazama mlango wa mwisho. Aliutazama kwa muda. Pazia lilikuwa limetulia tuli. Akatushukuru sote, mmoja mmoja, akainama chini ya kamba na kwenda zake.

Nikamgeukia Fundi Saa, mguu unaniuma, nikamuuliza kwa nini anamficha Mama. Mama ana kibali cha kuishi nchini, nimeandika hivyo mimi mwenyewe kwenye maombi yangu: mlezi, mama mzazi, mkaazi halali.

Fundi Saa akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Umemwandika?"

"Ndiyo, Mjomba. Si mama yangu?"

Akakaa kwenye kigoda chake taratibu, kwa jinsi wazee wanavyokaa wakiwa hawana hakika kama kigoda kipo. "Daktari," akasema, "hii desturi ya majina matatu tuliiweka kwa ajili ya mtu mmoja. Wengine tumejifichia humo tu. Nenda kamuulize mama yako."

Sikujua naanzaje. Nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, macho kwenye pazia. Cherehani ilikuwa na nguo chini ya sindano, imeachwa katikati ya mshono.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka. Mama, kibali chako kiko wapi?"

Akasema hana. Alikuwa nacho zamani, cha muda, kilichokwisha nikiwa nimeanza kusimama dede. Alikwenda kukifanya upya. Alipanga foleni na wanawake wengine wa kwetu, kila mtu na mtoto wake, na akaona wanaoingia kwenye chumba cha maafisa hawatokei mlango waliouingilia. Kulikuwa na mlango mwingine, upande wa nyuma, na gari. Ilipokaribia zamu yake akajifanya mtoto amejichafua. Akatoka kwenda kunibadilisha nguo. Hakurudi tena.

Alieleza hayo bila machozi, kama anayeeleza jinsi ya kukata kola. Miaka yote ile aliniambia kibali kipo, kimehifadhiwa, nisihangaike nacho, nisome. Nami nilisoma.

Nikamwambia nitaliondoa ombi langu kesho asubuhi.

"Ukiliondoa, jina langu litatoka kwao?"

Lisingetoka.

"Basi usiniue mara mbili, mwanangu. Kama mimi wamekwisha kunijua, angalau wewe upate."

Nikashuka magotini mbele yake, nikamshika ile mikono yenye vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano. Nikamwambia asiogope. Nikamwambia sheria imebadilika siku hizi, kuna kifungu kwa watu kama yeye, aliyekaa muda mrefu bila kosa, mwenye kazi na mtoto aliyesoma hapa. Tukienda wenyewe, tukasema ukweli wote, watatusikiliza. Nimekisoma hicho kifungu, Mama, kipo.

Alinitazama kwa huruma. Ndiyo, alinihurumia mimi.

"Wewe umekisoma," akasema. "Wao ndio wanaokitumia."

Tukavutana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana hivi: niende usaili peke yangu. Nisimtaje shahidi yeyote. Nikiulizwa kuhusu yeye niseme ukweli bila kuongeza neno, halafu tuone. Alikubali upesi mno. Mtu aliyeniambia ningoje mwezi mzima kabla ya kukata nywele alikubali jambo hili kabla sijamaliza sentensi. Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilimbusu kwenye paji la uso, nikamsifu kwa ujasiri.

Alhamisi niliamka, Mama tayari alikuwa na shughuli zake uani. Akanirekebisha kola, akanitoa uzi begani, akasema nenda na utulivu. Mama Pacha hakuonekana. Nilifikiri bado anaona haya kwa habari ya rubani.

Chumba cha usaili kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiota. Meza, viti, kabati la chuma, feni inayozunguka kwa kuchechemea. Na milango miwili. Niliiona milango hiyo kabla ya kuwaona watu.

Nyuma ya meza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, anayezungumza polepole. Pembeni, kwenye kiti cha ukutani, shati limenyooshwa, alikuwa mpekuzi. Akaniamkia kwa kichwa.

Nikala kiapo cha kusema kweli. Afisa akaniuliza nilikosoma, niliowahi kufanya nao kazi, kama nimewahi kushtakiwa, kwa nini nautaka uraia. Hilo la mwisho nilijibu kwa moyo wote. Nilimwambia kuna mtoto alikuja maabara akiwa amefifia, nikaona kwenye darubini kilichokuwa kinamla, na akapona. Nikamwambia sikuweza kusaini yale majibu kwa jina langu. Alisaini mtu mwingine kwa niaba yangu. Ninachotaka ni kusaini majibu yangu mwenyewe.

Mama yule akavua miwani. Nadhani aliguswa, hata leo nataka kuamini hivyo.

Akaniambia ombi langu ni zuri, isipokuwa hapo kwenye makazi. Majirani wamekanusha, kisha wamekiri kwa maneno ya kukariri. Anachohitaji ni shahidi mmoja wa kweli, aliyeishi nami tangu utoto, ale kiapo mbele yake. Ninaye?

Nikakumbuka makubaliano yetu. Nikasema sina wa kumleta.

"Unaye," akasema. "Amefika mwenyewe mara ulipoingia, yuko nje. Anasema ni jirani yako."

Nikadhani ni Fundi Saa.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Mama.

Alikuwa amevaa gauni la mahafali yangu, lile alilojishonea la kola nyeupe, na kichwani amejifunga kitambaa cha Mama Pacha. Hakunitazama kama mama. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani: hujambo binti, nimekuja kukusaidia. Kisha akaweka kitambulisho mezani.

Sikuhitaji kukisogelea. Niliijua ile kona iliyotafunwa na pacha mmojawapo. Kilikuwa kitambulisho cha Mama Pacha. Wanafanana kidogo, wote weusi wa kung'aa, wote wana mwanya. Kwa picha ndogo iliyofifia, mtu asiyewajua angepita nayo. Wakapanga hivyo wawili wao, uani, wakati mimi navaa viatu.

Na afisa wa miwani hakuwajua. Alikitazama kitambulisho, akamtazama Mama, akakirudisha chini. Akavuta karatasi ya kiapo.

Lakini kwenye kiti cha ukutani mpekuzi alikuwa ameinua kichwa.

Alikuwa amezungumza na Mama Pacha uso kwa uso, si mara moja. Amesikia kwake habari za rubani. Mama hakulijua hilo hata kidogo, kwa sababu kila alipokuja bwana yule, Mama alikuwa nyuma ya pazia na cherehani imezimwa. Hakuwahi kumwona. Alipita mbele yake, karibu amguse goti, akamsalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa mtu baki.

"Ahsante, mama," mpekuzi akasema, kwa ile sauti.

Alikunja mikono akangoja. Nikaelewa anachongoja. Hadi sasa Mama alikuwa ameweka kadi mezani tu. Bado hajaapa. Akishainua mkono na kuapa kwa jina lisilo lake, hapo hata yule wa miwani, hata kile kifungu nilichokisoma, hakuna wa kumwokoa.

"Inua mkono wa kulia, mama," afisa akasema. Kisha akanigeukia. "Kwanza tuthibitishe. Binti, huyu ni jirani yako?"

Mama akanitazama. Mdomo wake ulikuwa umetabasamu kwa ajili yao, na macho yananisihi. Sema ndiyo, mwanangu. Neno moja tu, twende nyumbani.

Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umefika kifuani.

"Hapana," nikasema. "Ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa na kunilea. Hiyo kadi si yake, na hajasema kitu chochote kwa kiapo. Naomba mwandike hivyo, kwamba hajasema kitu."

Mkono wa Mama ukashuka. Hakulia, hakunitukana. Alifanya kitu kibaya zaidi kwangu: alinisogelea akanirekebisha kola, kama asubuhi.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kila kitu, kifungu na namba yake, sare alizoshona kwa miaka, kwamba hajawahi kumdhulumu mtu. Nilizungumza haraka, maneno yanakanyagana. Walinisikiliza. Watu wale walikuwa na adabu sana.

Nilipomaliza, mpekuzi akasimama, akamsogelea mkubwa wake, akamnong'oneza. Mama wa miwani akaitikia kwa kichwa. Akageuza faili langu, akaandika mstari mmoja, akagonga muhuri. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa kufunga sanduku.

"Shaka ya makazi imeondoka," akaniambia. "Umetuletea mlezi, na umesema kweli pale ambapo uongo ungekufaa. Ofisi hii inathamini hilo. Ombi lako limekubaliwa."

Akanisogezea karatasi ya kiapo cha utii kwa nchi, na kalamu. Pa kusaini pamewekwa alama.

Wakati huo huo mpekuzi alikuwa amekwenda kwenye mlango wa pili, ule wa nyuma. Akaufungua, akaushikilia wazi kwa mkono, kama mtu anavyomshikilia mlango mgeni wake wa heshima. Upande wa pili nilisikia injini inanguruma.

"Karibu huku, mama," akasema. "Na hiki kitambulisho tutakwenda nacho. Mwenyewe tutampitia njiani."

Mama akakaza kitambaa kichwani. Akanipita. Hakugeuka.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Saini kwanza, binti," akasema yule mama wa miwani, bila ukali wowote. "Usiposaini sasa, utakuwa umeukataa uraia. Na wewe pia utapita mlango ule."